Mizunguko Kumi na Nane

Jalada lilitakiwa liwe mezani kwa Mkuu wa polisi saa tisa alasiri. Saa nne asubuhi Inspekta alikuwa bado amepiga magoti mbele ya kabati namba tatu, tochi mkononi, akitazama mahali ambapo mtu mwangalifu kuliko wote katika kituo cha maji alikufa kwa uzembe. Ndivyo ripoti ya Meneja ilivyosema. Ilikuwa ripoti nzuri, ina picha, ina mihuri miwili, haina kosa hata la nukta, na uzuri huo ndio ulioanza kumtia shaka. Katika miaka kumi na minne ya upelelezi hakuwahi kuona meneja akimaliza ripoti ndani ya siku moja ila awe na haraka zake.

Kisa chenyewe kilielezeka kwa maneno machache. Kituo kilisukuma maji ya mji mzima kwa pampu kubwa zinazokula umeme wa msongo wa kati, ule usiohitaji uuguse ili ukuue. Katika chumba cha zamani pampu zilikuwa sita, na kila moja ilikuwa na kabati lake la chuma. Ndani ya kabati mlikuwa na kontakta, yaani swichi nzito ya kuwashia mota, iliyokaa juu ya reli ili iweze kuvutwa nje. Siku sita zilizopita fundi mmoja aliyeitwa Taratibu, kwa sababu hakuna jambo alilolifanya mbiombio, alikuwa akiipima kontakta ya tatu. Kwenye chumba cha kuendeshea, mwendo wa dakika mbili kutoka hapo, zamu ilikuwa ya Mama Pacha. Mama Pacha alibonyeza kitufe cha pampu ya tatu. Taa zikapepesa, na Taratibu akafa palepale kwenye mkeka wa mpira.

Mama Pacha alikuwa mdogo wa mke wa Taratibu. Kwa hiyo aliyekufa ni shemeji yake, aliyefiwa ni dada yake, na kidole kilichobonyeza ni chake. Sasa alikuwa mahabusu. Ikifika saa tisa bila jipya angefunguliwa shitaka la kuua kwa uzembe, na kwa kuwa wiki tatu kabla ya kifo shemeji hao walionekana wakigombana kantini mpaka sahani zikasukumwa, wapo waliokuwa wakilitafuta neno zito kuliko uzembe.

"Inspekta," alisema Meneja nyuma yake, "mji hauna maji tangu saa tatu na nusu. Nimezima upande huu wote kwa ajili yako. Nimekupa saa moja."

"Nimekusikia."

"Simu zinanimaliza."

"Basi zipokee, mzee. Mimi hapa sisemi na mtu."

Kicheko kidogo kilisikika pembeni. Alikuwa Mzee Fyuzi, fundi mstaafu ambaye Inspekta alimfuata nyumbani kwake alfajiri. Ndiye aliyemfundisha Taratibu kazi. Alikuja amevaa kofia ya kituo, ileile aliyotakiwa kuirudisha siku ya kustaafu miaka mitano iliyopita, na kipimo chake cha umeme amekizungushia kitambaa kama mtoto mchanga. Kabla Inspekta hajaruhusiwa kugusa kitu, mzee alipima mara mbili kwamba umeme umekatika, akafunga waya wa ardhi, akapima tena. Meneja alitazama saa yake muda wote huo.

"Haya, mwanangu," alisema Mzee Fyuzi. "Ingiza mpini hapo kwenye tundu. Zungusha. Uhesabu."

Inspekta alizungusha. Ndani ya kabati kitu kizito kikaanza kusogea juu ya reli, na kwenye mlango kishale chekundu kikatoka taratibu penye neno KAZINI kuelekea penye neno JARIBIO. Mizunguko ilipofika kumi na nane, mpini ukagoma.

"Umeilaza," alisema mzee. "Ndivyo tunavyosema. Ikiwa imelala imeachana na umeme mkubwa. Unabaki ule mdogo tu wa kuiamrisha. Sasa unapiga simu kule, unamwambia mwenzako: bonyeza nisikie. Yeye anabonyeza, kontakta inajifunga, kaa! mota haina habari. Na wewe hapa umepitisha bisibisi ndefu kwenye hiki kidirisha cha chini, ncha kwenye mguu wa kontakta, mpini sikioni. Unaisikia kama daktari anavyosikia kifua."

"Bisibisi? Sikioni?"

"Kitabu hakisemi hivyo. Ila tangu kituo hiki kijengwe, hakuna fundi hapa asiyesikiliza hivyo."

Bisibisi ya Taratibu Inspekta alikuwa ameiona kwenye mfuko wa vielelezo, ncha yake imeyeyuka. Alifungua ripoti. "Meneja, umeandika kwamba ulikuwa wa kwanza kuingia humu, na kishale kilikuwa KAZINI."

"Ndiyo. Hakuilaza. Alisahau, akatumbukiza bisibisi kwenye kitu kilichoungwa na umeme, na yule mama akabonyeza bila kuhakikisha. Makosa mawili yamekutana. Inauma, lakini kifaa hakina tatizo. Si umezungusha mwenyewe? Si kimetembea?"

Kilikuwa kimetembea. Hapo ndipo upelelezi wa siku tano ulipokuwa unagonga ukuta. Kifaa kizima, kishale kizima, na marehemu hawezi kubisha.

"Kipimo chake kilikutwa nje ya mkoba," alisema Inspekta. "Kwa hiyo alipima kabla ya kuingiza bisibisi."

"Akapima vibaya."

"Taratibu?" Mzee Fyuzi aliuliza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Yule alikuwa akifunga mlango wa nyumba anarudi kuusukuma. Alipima vizuri. Kidirisha hiki kinakufikisha upande wa mota. Kontakta ikiwa wazi, upande huo hauna umeme hata kama haijalazwa. Kipimo kilimwambia kweli. Ni alipobonyezewa ndipo umeme ukashuka."

Meneja akainua mikono kana kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema siku zote.

Inspekta aliifunga ripoti. Aliomba kontakta ivutwe nje kabisa. Mzee na mlinzi wa kituo wakaiburuta mpaka sakafuni, kisha mzee akainua kwa fimbo ya mbao vifuniko vinavyojifunga vyenyewe nyuma yake. Humo ndani palionekana vipande vya shaba nene, vitatu juu na vitatu chini. Inspekta akaingiza kichwa na tochi. Kwenye kila kipande, kulizunguka tundu, palikuwa na alama ya duara iliyokandamizwa kwenye shaba, safi, kama alama inayoachwa na kikombe mezani. Akachora duara hilo kwenye daftari lake.

"Hizi ni nini?"

"Alama za kiwandani," alijibu Meneja haraka.

Mzee Fyuzi alitaka kusema kitu, Inspekta akamkanyaga kiatu. Aliomba waifungue namba nne. Shaba za namba nne zilikuwa na matundu yaleyale, lakini hazikuwa na duara hata moja. Zilikuwa na michirizi, mirefu na iliyonyooka, mingi mpaka imeng'aa, iliyoachwa na vidole vya kontakta vinavyobana shaba kila inapoingizwa na kukwaruza kila inapotolewa. Namba mbili ilikuwa vilevile. Namba moja, sita, vilevile.

"Na tano?"

"Tano haitumiki mwaka wa pili huu. Pampu yake ilikufa. Ufunguo wa kabati hata haujulikani ulipo." Simu ya Meneja ilianza kulia tena, naye akaonekana kushukuru. Alitoka nje kuipokea.

"Mzee," alisema Inspekta, "nipeleke chumba kipya."

Chumba kipya kilikuwa ng'ambo ya uwanja. Kilijengwa miaka minne iliyopita, na makabati yake yalikuwa membamba, yamepakwa rangi ya maziwa. Humo hamkuwa na reli wala kishale.

"Hizi ni za kufungwa," alieleza Mzee Fyuzi. "Kontakta imekazwa kwa bolti, haiendi popote. Hailazwi. Ukitaka kuitengeneza unashusha huu mkono mkubwa, visu vya shaba vinaachana huku juu, halafu unamulika tochi kwenye kioo hiki uvihesabu kwa macho yako kwamba vyote vitatu vimeachana. Hapo ndipo mlango unafunguka."

"Ipi nzuri?"

Mzee aliegemea kabati. Swali hilo lilimpendeza, ilionekana. "Mafundi wanaweza kupigana ngumi kwa swali hilo. Ile ya kuvuta ikiharibika unaitoa, unasukuma nyingine, robo saa pampu inazunguka. Na unaiona imetoka, haina ubishi. Lakini ina reli, ina nati, ina vifuniko, vyote hivyo vinachakaa, vinataka grisi, na mpumbavu anaweza kuiingiza nusunusu. Hii ya kufungwa haina vya kuchakaa. Ni rahisi, ni ndogo, haina maringo. Ila ikifa, pampu inasimama nusu siku wewe unakaza na kulegeza. Mimi sina ugomvi na hata moja kati ya hizo. Kila moja ina namna yake ya kukuambia kwamba uko salama. Hii inakuonyesha visu. Ile inakuonyesha kishale."

Kwenye kabati la mwisho mlango ulikuwa wazi na ndani tupu. Kontakta yake ilikuwa imepelekwa karakana. Inspekta alimulika shaba zilizobaki peke yake. Kulizunguka kila tundu palikuwa na duara.

Alifungua daftari, akaliweka karibu na shaba. Hakuwa na haja ya rula.

"Hiyo ni washa ya bolti, ile pete ya chuma ya chini ya kichwa chake," alisema Mzee Fyuzi polepole. "Ukikaza bolti kwenye shaba, washa inaacha alama hiyo. Shaba ni laini." Halafu mkono wake ukaenda kichwani ukaivua kofia. "Mwanangu, kule kwa tatu hakuna kinachokazwa. Kule vidole vinabana tu."

"Ndiyo maana nilikukanyaga."

Walirudi kwa mwendo wa haraka, mzee akipumua kwa shida, na njiani Inspekta alikuwa akiyapanga mambo kwa sauti. Mtu aliifunga kontakta ya tatu kwa bolti. Akaigeuza ya kuvuta kuwa ya kufungwa. Sasa je, mpini ungegoma?

"Ungegoma kama nati ipo," alisema mzee. "Nati ndiyo inayoivuta. Ukiitoa nati, parafujo unayoizungusha kwa mpini inazunguka bure. Na kishale kinaendeshwa na parafujo, siyo na kontakta."

"Kwa hiyo kishale kingetembea."

"Kingetembea mpaka JARIBIO, mizunguko kumi na nane, na kontakta imekaa palepale." Mzee alisimama katikati ya uwanja. "Imevalishwa nguo ya mwenzake. Ee Mungu wangu. Ilimdanganya usoni."

"Ufunguo wa tano umepotea, kasema."

"Ufunguo wa haya makabati ni mmoja tu, wa pembe nne. Kila fundi anao." Akautoa mfukoni. Huo nao, bila shaka, hakuurudisha siku ya kustaafu.

Kabati la tano lilifunguka bila kelele. Ndani, pasipokuwa na nati, ilikuwa imesukumwa kontakta ambayo vidole vyake vyote vimekatwa na mahali pake yamechongwa matundu ya bolti. Mguu wake wa kulia ulikuwa na doa jeusi la kuungua, na katikati ya doa kulikuwa na chembe ya chuma iliyoyeyuka, kubwa kama punje ya mchele. Inspekta aliitazama kwa muda mrefu. Hasira ilimpanda, akaiacha ishuke kwanza kabla ya kumwita mpiga picha wa polisi.

Meneja aliingia, akauona mlango wa tano uko wazi. Alivuta boksi la spana akakaa juu yake.

"Nati ilikatika lini?" aliuliza Inspekta.

"Jumapili. Wiki ya tatu sasa." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka siku nyingi. "Mpya ingechukua miezi miwili kufika. Ya tano imeshika kutu, kuikomboa ni kazi ya siku nzima, na matanki ya mji yalikuwa na maji ya nusu siku. Hospitali ilikuwa inapiga simu. Nikaita mafundi wa nje, wakaikaza kwa bolti. Saa mbili tu, pampu ikazunguka. Nilisema ni kwa muda."

"Na kishale?"

"Sikukifikiria. Niliwaza maji. Niliandika karatasi nikaibandika mlangoni: hii hailazwi. Mafundi wa zamu wote niliwaambia kwa mdomo."

"Wote?"

Meneja alitazama sakafu. "Yeye alikuwa likizo. Wa chumba cha kuendeshea sikuwaambia, kulaza si kazi yao. Alirudi siku ileile. Karatasi ilikuwa imebanduka kwa unyevu. Niliikuta chini ya kabati, baadaye."

"Ulipoingia, kishale kilikuwa wapi?"

Meneja alikitazama kishale cha mlango wa tatu.

"JARIBIO," alisema. "Nikakirudisha. Usiku wake wale mafundi wakaikomboa nati ya tano, wakaifunga humu, pamoja na kontakta yake. Wa zamu nikawaomba wanyamaze. Nilisema moyoni, aliyekufa amekwishakufa."

"Aliye hai yuko mahabusu," alisema Inspekta. "Simama twende."

Ilikuwa saa nane kasoro alipoingia kituo cha polisi. Aliagiza Mama Pacha atolewe, akaletwa kwenye korido, mwanamke mnene mwenye macho yaliyovimba, akakalishwa benchi la ukutani. Kwenye benchi la upande wa pili, kama siku zote sita, alikaa dada yake, mjane. Alikuwa akija kila asubuhi na kuondoka kila jioni, na kwa siku zote hizo hakumtolea mdogo wake hata salamu. Hakuna aliyejua kama anakuja kumlinda au kumlaani, na labda yeye mwenyewe alikuwa hajaamua.

Inspekta hakuwapeleka ofisini. Alisimama katikati yao.

"Mama Pacha, nina maswali mawili. Mligombania nini na shemeji yako kule kantini?"

Mama Pacha alifuta pua kwa upindo wa kanga. "Mama yetu anaumwa. Nilitaka nichukue likizo nikamuuguze, maana dada alikuwa na safari ya kazi. Shemeji akakataa katakata. Akasema mimi nina watoto wadogo wawili, atakwenda yeye. Nikamwambia mwanaume anajua nini kumgeuza mgonjwa. Akasema atajifunza. Akaenda, wiki mbili."

Mjane aliinamisha kichwa. Alikuwa akilijua hilo.

"La pili. Siku ile alipokupigia, ulisikia nini kwenye simu?"

"Alisema, shemeji, naanza. Akaiweka simu chini bila kuikata, kama kawaida yake. Nikamsikia anazungusha. Halafu akaichukua akasema, imelala, bonyeza nisikie. Nikamuuliza, umehakikisha? Akacheka. Akasema imelala, shemeji. Nikabonyeza."

"Ulijuaje kwamba anazungusha?"

"Alikuwa anahesabu."

Mjane akainua uso.

"Hilo halimo kwenye maelezo yako," alisema Inspekta.

"Nilisema. Aliyeniandika akaniambia hesabu siyo maelezo."

"Alihesabu mpaka ngapi?"

"Kumi na nane."

Hapo Inspekta aliwageukia wote wawili, akawaeleza kwa maneno mepesi yaliyokutwa ndani ya namba tano, na kishale kilichotembea peke yake. Aliwaambia Taratibu hakusahau kitu, na Mama Pacha hakukosea kitu, na kwamba kidole chake kilibonyeza kile ambacho kingebonyezwa na kidole chochote cha zamu ile. Aliwaambia yupo atakayejibu, na kwamba ameshaanza kujibu.

Mjane alisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Halafu alimwuliza mdogo wake, na hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu msiba.

"Alihesabu kwa sauti?"

"Kwa sauti, dada. Moja moja."

"Hata kufunga vifungo vya shati alikuwa anahesabu," alisema mjane. "Nilikuwa namcheka."

Alinyanyuka. Aliuchukua mkoba wake, akavuka korido, akasimama mbele ya benchi la ukutani, ambalo lilikuwa refu na tupu isipokuwa mtu mmoja.

"Sogea," alisema. "Nikae."